MUHEZA HADI AMANI, SEHEMU YA 3: Nyumba za mlimani na malaria ya watoto wetu

Tulianza na stesheni ya Muheza mjini, ile ambayo reli kutoka Tanga iliifikia mwaka 1896, wakati hakuna mji mwingine wa bara ya nchi hii uliokuwa umesikia honi ya treni. Kisha tukaenda Magila, Msalabani, kwenye kanisa la mawe la wamisionari wa UMCA la miaka ya 1880. Leo tunapanda mlima. Amani nimeiweka ya tatu makusudi, nilitaka kwanza mzoee safari fupi za karibu, maana hii ni ya siku nzima na ina maneno mengi.

Wengi wanaokwenda Amani wanafuata msitu, vipepeo, maporomoko ya maji na kinyonga wa pembe. Ni sawa kabisa, watoto watafurahi. Lakini mimi ni nesi, na nikifika pale macho yangu yanakwenda kwenye majengo. Yale majengo ya zamani yenye mabati mekundu ya kutu, ambayo watu wanapiga nayo picha halafu wanaendelea na safari, yanahusu mtoto wako akiwa na homa saa nane usiku. Sijui kama kuna sehemu nyingine hapa nchini ambayo historia ya malaria imekaa mahali pamoja namna ile, na unaweza kuitembelea na mtoto mgongoni.

Tuanze na njia. Ukitoka Muheza unapita kwenye michungwa na mihogo, joto lenu lilelile la kawaida, halafu barabara inaingia kwenye vilima na kufika Sigi, wengine wanaandika Zigi, kama jina la mto. Hapo ndipo lango la hifadhi. Nyumba ya zamani unayoiona pale ilikuwa ya mkuu wa stesheni enzi za Wajerumani, na sasa ndiyo kituo cha wageni. Ndiyo, stesheni! Kulikuwa na reli ndogo iliyochepuka kutoka Tengeni kwenye reli ya Tanga ikaja mpaka Sigi, na mzigo wake mkubwa ulikuwa magogo. Msitu ulikuwa unashuka mlima kwa treni. Waelezeni watoto hilo kabla hamjaingia ndani, ili wakiona miti mikubwa wajue hiyo ni ile iliyobaki.

Kutoka Sigi unapanda kona kwa kona hadi Amani, karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari. Hapo utatafuta sweta. Na hiyo baridi ndiyo sababu ya kila kitu. Muheza chini ilikuwa na malaria kali sana, mbu wanazaliana mwaka mzima. Huku juu, kwa sababu ya ubaridi, mbu wa malaria walikuwa wachache. Wajerumani walipotaka mahali pa kuweka wataalamu wao waishi bila kufa kwa homa, wakaja hapa. Taasisi yao ya utafiti wa baiolojia na kilimo ilianzishwa mwaka 1902, mkurugenzi wa kwanza akiwa Franz Stuhlmann. Wakaanzisha bustani ya mimea ya takribani hekta 300, wakaleta miti kutoka pande zote za dunia: mipira, mikafuri, midalasini, michikichi ya kila namna, mianzi. Mingine ipo mpaka leo.

Lakini nani aliyefyeka na kupanda? Vitabu vimejaa majina ya wataalamu. Waliochimba mashimo, waliobeba miche na kuchonga barabara kwenye jiwe, majina yao huyaoni ukutani. Na ardhi yenyewe haikuwa tupu. Kabla ya taasisi, kampuni ya Kijerumani ilikuwa imeshafyeka msitu wa Derema, jirani na hapo, kupanda kahawa. Kahawa ile haikudumu, udongo wa msituni ukishaondolewa miti yake unachoka haraka. Chai mnayoiona sasa ilikuja baadaye.

Sasa mti ninaotaka muuombe kwa muongozaji wenu awaonyeshe ni mkwinini, wataalamu wanauita Cinchona. Asili yake ni milima ya Amerika Kusini. Ganda lake ndilo linalotoa kwinini, dawa ambayo bibi zetu waliijua kwa uchungu wake na kelele zake masikioni. Sisi manesi tumeishi nayo miaka mingi kwenye dripu, mtoto amelazwa na malaria kali, mama amekaa pembeni anahesabu matone. Sasa hivi malaria kali tunaanza na sindano ya artesuneti, ila kwinini haijatoweka kabisa. Basi, ganda la mti huo lilipandwa na kuchunwa hukuhuku Usambara. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 na Waingereza wakafunga bahari, meli za dawa hazikufika tena. Watu wa Amani wakageuza maabara kuwa kiwanda: wakatengeneza kwinini kwa ajili ya jeshi, pamoja na vitu vingine ambavyo havikuwa vinaingia, hata sabuni.

Kwa ajili ya jeshi, nimesema. Kwinini ile haikutengenezwa ili mtoto wa Muheza apone. Na wapagazi, wale wanaume waliochukuliwa vijijini kubeba mizigo ya pande zote mbili, walikufa kwa maelfu mengi kwa magonjwa na njaa. Dawa ilikuwa inachemshwa mlimani, na chini ya mlima watu wanakufa kwa ugonjwa uleule. Hilo nalo waambieni watoto, wale wakubwa kidogo.

Waingereza walipochukua nchi, Amani ikawa kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki. Hapa kuna hadithi ya jikoni. Mihogo ilikuwa inaugua batobato na michirizi ya kahawia, na muhogo ukiugua kwetu maana yake ni njaa. Kuanzia miaka ya 1930 watafiti wa Amani wakachavusha muhogo na jamaa yake, ule mti wa mpira ambao majani yake tunapika kisamvu cha mpira, ili uzao upate nguvu ya kuhimili magonjwa. Uzazi ule wa Amani ulisafiri mpaka Nigeria, na mbegu nyingi za mihogo inayohimili batobato zinazolimwa Afrika leo zina damu yake. Yaani sahani ya muhogo wa nazi unayompa mtoto inaweza kuwa na undugu na shamba la pale juu. (Kisamvu mtwange, mkichemshe vizuri, na mvuke utoke, msifunike sufuria mwanzoni. Kina sumu kikiwa kibichi. Nimeshindwa kujizuia.)

Mwaka 1949 kikaanzishwa kitengo cha malaria pale Muheza, na miaka michache baadaye kikahamia Amani, kwenye majengo ambayo watu wa kilimo walikuwa wanayaacha kwenda Muguga, Kenya. Kikakua kikawa taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki nzima. Kuanzia hapo historia ya zile nyumba ni historia yetu sisi wa wodi ya watoto.

Nitawapa mambo matatu tu.

La kwanza, Mkuzi. Ni kijiji cha karibu na Muheza, wengine mnapita kila siku. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 watu wa Mkuzi walipewa kila mwezi dawa mpya wakati huo, iliyoitwa pirimethamini, ionekane kama itaondoa malaria kijijini. Ilianza vizuri sana. Ndani ya miezi michache vimelea vikaizoea, na watu wakaendelea kuugua wakiwa wamemeza dawa. Taarifa ilichapishwa mwaka 1954, mojawapo ya mara za mwanzo kabisa duniani kuonekana usugu wa dawa hiyo vijijini. Ninyi mliozaa karibuni mnaijua SP, vile vidonge vitatu mnavyomezeshwa mbele ya nesi kliniki ya wajawazito. Ndani ya SP kuna hiyohiyo pirimethamini. Usugu huo ndio sababu mojawapo SP haitumiki tena kumtibu mgonjwa wa malaria hapa Tanzania. Tulitoka kwenye klorokwini mwaka 2001, tukaingia SP, haikukaa, mwishoni mwa 2006 tukaingia dawa mseto. Kwa mjamzito SP bado inatolewa kama kinga, na inasaidia, msiikwepe.

Ndiyo maana mama akiniambia, "Nesi, mtoto alipata nafuu siku ya pili, vile vidonge vingine nimeweka akiba," moyo unanienda mbio. Dozi ya mseto ni siku tatu. Mkuzi ilionyesha tangu zamani kimelea anafanya nini akipata nafasi.

La pili, kupuliza dawa ndani ya nyumba. Katika miaka ya 1950 taasisi ya Amani iliendesha kazi kubwa upande wa Upare na Taveta, mpakani na Kenya, kuta za nyumba zikapulizwa dawa ya kuua mbu. Malaria ikashuka sana, vifo vya watoto wachanga navyo vikapungua. Halafu upulizaji ukasimamishwa, na malaria ikaanza kurudi polepole. Kwa hiyo jibu la swali la "si walishapuliza mwaka juzi?" lipo siku nyingi.

La tatu ndilo ninalolipenda. Chandarua. Miaka ya 1980 watafiti wa Kitanzania na wenzao kutoka London walikuwa Muheza wakijaribu vyandarua vilivyochovywa kwenye dawa, katika vibanda maalumu vilivyojengwa ili kuhesabu mbu walioingia, waliokufa na waliokwisha kunyonya damu. Wakati huo chandarua chenye dawa lilikuwa wazo geni. Waliona kwamba hata chandarua kilichotoboka, kikiwa na dawa, bado kinamsumbua mbu. Sasa kila mjamzito akija kliniki mara ya kwanza anapewa chandarua, na wengine wanakitumia kufunikia bustani ya mchicha au kufugia vifaranga. Jamani! Kile chandarua kina wazee wa Muheza ndani yake.

Maana nani alikuwa analala kwenye vile vibanda? Nani alikuwa anakamata mbu? Njia ya zamani ya kujua kuna mbu wangapi mahali ilikuwa kumkalisha mtu usiku, miguu wazi, ana tochi na kibomba cha kioo. Mbu akitua mguuni anavutwa ndani ya kibomba kabla hajauma, akiwahi. Walikuwa vijana wa vijiji vya hukuhuku. Na damu za kwenye slaidi zilitoka kwenye vidole vya watoto wa shule na mama zao, mwaka baada ya mwaka. Ukienda vijiji vya chini ya mlima ukakaa na mzee kwa adabu, ukamwamkia vizuri, huenda akakueleza siku walipokuja kupimwa damu.

Na hapo lazima niseme habari ya mumiani. Mnajua wenyewe, pwani nzima na Tanga yote watu walikua wakiambiwa kuna watu wanachukua damu za wenzao usiku kwenda kuziuza. Uvumi huo ulipenda kuwaandama wazima moto, watu wa hospitali, na kila aliyekuja na gari na chupa. Wasomi wa mjini wanaucheka kama ushirikina. Mimi siucheki. Fikiria wewe ni mama kijijini mwaka 1955. Mgeni anakuja, anamchoma mwanao kidole, anaondoka na damu, hupewi jibu wala harudi kukuambia ameona nini. Ungefikiri nini? Watu walikuwa wanauliza swali la haki kabisa: damu yetu inakwenda wapi, na sisi tunapata nini? Ila waliliuliza kwa lugha waliyokuwa nayo.

Swali hilo bado lipo. Mama mmoja, kituo nilichofanyia kazi zamani sikitaji, alikataa mwanawe asipimwe kabisa, mtoto anachemka. Aliniambia, "Nyie kila siku damu, damu, majibu hatuyaoni." Niliketi naye, nikamwekea kile kipimo cha haraka mbele yake, nikamwonyesha tone moja tu, tukasubiri pamoja mistari itokee. Ilitoka miwili. Akasema, "Kumbe ni hivi?" Tangu siku ile simpimi mtoto bila kumwonyesha mama. Hakuna aliyenifundisha hivyo chuoni. Na ninyi ni haki yenu kuomba kuonyeshwa.

Turudi mlimani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na fedha za kikanda zikaisha nayo. Taasisi ikawa chini ya NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Baadaye shughuli nyingi zikashushwa Muheza, kwa sababu wagonjwa na mbu wako chini. Huko juu majengo yakabaki na kimya chake. Kuna watu wanaona ni magofu tu ya wakoloni, yaachwe yaanguke. Siwezi kukubaliana nao. Wakoloni waliweka mawe, lakini kazi ya miaka mingi ndani ya yale mawe ilifanywa na mafundi wa maabara, wafagiaji, madereva na wakamata mbu wa kwetu, na wajukuu wao wako Muheza wanauza machungwa na wanasoma unesi. Ningekuwa na uwezo ningebandika kibao chenye majina yao kabla ya kibao cha Stuhlmann.

Kuhusu msitu nitakwenda haraka, maana watembeza wageni wataeleza vizuri kuliko mimi. Ua lile dogo la zambarau ambalo Wazungu wanaliweka dirishani, Saintpaulia, limepata jina kutoka kwa Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga. Alituma mimea nyumbani kwao na mwaka 1893 likaandikwa kitaalamu. Kwao ni huku, kwenye mawe yenye kivuli. Msiling'oe! Mwishoni mwa miaka ya 1970 na ya 1980 msitu ulivunwa sana na kiwanda cha mbao kilichosaidiwa na Wafini. Makelele yakawa mengi, uvunaji ukasimamishwa, kisha Wafini walewale wakaja kusaidia kuhifadhi. Mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, ya kwanza ya aina yake nchini, hekta 8,380. Baadaye wakulima wa iliki wa Derema walitolewa kwenye mashamba yao ili misitu iungane. Walilipwa fidia, lakini ukiongea na watu utasikia kwamba kwa wengine jeraha halijapona. Nalisema kwa sababu ukisifia uzuri wa msitu mbele ya mtu aliyepoteza iliki zake, ujue unaongea na nani.

Faida yake kwetu wa chini ni maji. Mto Zigi unatoka huko, unaingia bwawa la Mabayani, na ndiyo maji ya Tanga mjini. Uji wa mtoto wa Chumbageni unaanzia Amani.

Kuna lingine linalonikosesha raha. Ule ubaridi uliowaleta Wajerumani haulindi tena kama zamani. Miaka ya 1980 watafiti wa hapohapo Amani waliandika kwamba malaria imepanda mlimani, na kukatwa kwa misitu kulikuwa miongoni mwa mambo waliyoyataja. Kwa hiyo msidanganyike na sweta.

Sasa ya safari. Msiende masika kama mna watoto wadogo, barabara inateleza na mvua ya Amani haina mzaha. Nendeni kiangazi, mtoke asubuhi, mpite Sigi mlipe na kuchukua muongozaji. Mkilala, ulizeni kabisa kama kitanda kina chandarua; kama hakina, bebeni cha kwenu, na mtoto aingie ndani kabla hamjaanza kula chakula cha usiku. Mikono mirefu jioni. Mjamzito anaweza kwenda, mradi hana tatizo la kliniki na gari liwe zuri, zile kona zitamtapisha. Abebe kadi yake.

Na mkirudi, mtoto akipata homa ndani ya wiki tatu nne, msimpe panadol mkasubiri. Mpelekeni akapimwe, mseme alikuwa wapi. Akianza kukakamaa na macho kupanda juu, hiyo degedege siyo ya kutafutiwa mganga kwanza. Mlazeni kwa ubavu, msimtie kijiko mdomoni, mkimbilie hospitali.

Nyumba ya stesheni pale Sigi ina ngazi nzuri za kukalia, nzuri kwa kunyonyesha kabla ya kupanda. Sehemu ya 4 tunashuka Pangani, kwa hiyo wenye watoto wa kuchafukwa gari waniandikie mapema, nina mengi ya kuwaambia kuhusu barabara ile.